Mlio wa Pikapu ya Mjomba

Pikapu ile ilipiga kelele hata ikiwa imesimama. Mtu akiegemea bodi, ng'iii. Mwanamke akipandisha kapu la muhogo, ng'iii. Ikitembea ndiyo usiseme. Kutoka Malolo hadi Ruangwa, na kutoka Ruangwa hadi Nachingwea, mlio ulinikaa kisogoni kama mtu anayenisema kwa watu. Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, na mwaka ule zilikuwa karibu zaidi, kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba ya pili na mtoto wa kwanza tulikuwa tumeshamzika. Alikufa tumboni, mama yake akiwa juu ya machela, tukihangaika kufika hospitali kwa miguu. Safari hii nilikuwa nimeapa kumfikisha hospitali ya Nachingwea kabla uchungu haujaanza. Gari la kumpeleka lilikuwa hilo hilo moja.

Na halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba wa mke wangu, aliyelinunua kwa Wazungu wa mashamba ya karanga ya Nachingwea walipoanza kufungasha virago. Mimi nilioa kwao na nikajenga kwao, kama wanaume wa kwetu tulivyofanya wakati ule, nikawa dereva wake. Mkwe hapandishi sauti mbele ya mjomba wa mkewe. Mjomba ndiye mwenye mpwa, na watoto wa mpwa ni wake. Mkwe ni mtu aliyekuja na jembe lake, akipewa kiti anakaa, akiambiwa neno anaitikia.

"Mzee," nilimwambia, "springi za nyuma zina jambo."

"Mkwe, gari ni zee. Hata mimi magoti yananilia. Paka mafuta."

Nikapaka. Grisi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mjomba akatoa mafuta ya ufuta, tukayamimina kwenye springi kama tunakaanga samaki. Gari likanyamaza mpaka Ruangwa. Kurudi, vumbi lilikuwa limeganda kwenye mafuta, na mlio ukawa mnene zaidi, wa kusaga. Abiria mmoja akasema ni mlango. Nikaukaza mlango. Mwingine akasema ni bodi, nikachana tairi bovu nikapachika vipande vya mpira kila mahali mbao zilipogusana na chuma. Wa tatu akasema gari limetupiwa kitu na mtu mwenye kijicho. Huyo nilimwambia ashuke atembee, na kweli alitembea.

Nilichoka kusikiliza watu, nikaanza kusikiliza gari. Likiwa tupu, lilinung'unika tu. Likiwa na magunia, lilipiga kelele. Gurudumu la nyuma la upande wangu likiingia shimoni, lilipiga yowe. La upande wa pili likiingia, kimya. Kwa hiyo nilijua ni upande gani. Sikujua ni wapi hasa, maana dereva hawezi kuendesha huku kichwa chake kiko chini ya gari.

Siku ya soko pale Ruangwa nilizuia magurudumu kwa magogo, nikawaomba abiria wapande wote nyuma na wanirukierukie. Niliwaeleza kwa adabu kabisa. Nikajilaza chini. Walianza vizuri, kisha mama mmoja, mtani wa ukoo wa mke wangu, akasikia ule mlio unakwenda na miguu yao, akatunga wimbo hapo hapo: kitanda cha mkwe kinalia, mjomba hapati usingizi. Soko zima likaja kucheka. Wengine wakapanda, wakacheza. Mimi chini, vumbi la mafuta ya ufuta linanidondokea machoni, nimeng'ata meno. Mtani hagombwi. Ningekuwa na jiwe ningelitafuna.

Lakini walivyokuwa wakiruka niliona kitu. Springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kile kirefu cha juu ndicho kinachoishika ekseli ya magurudumu isihame mahali pake. Karibu na mwisho wa kile kirefu, matope yalikuwa yanafumba na kufumbua kama jicho. Chuma kizima hakifumbui. Nikachokonoa kwa kisu. Chini ya matope palikuwa na ngozi ya nyati, iliyofungwa ikiwa mbichi na kuachwa ikauke, ikawa ngumu kama gome. Nikaikata. Chuma kilikuwa kimekatika vipande viwili, pande zake zinasagana. Huo ndio ulikuwa mlio wetu.

Ngozi haijifungi yenyewe. Nilitoka chini ya gari na kipande cha ngozi mkononi, na wanawake wakaacha kuimba.

Niliwaacha abiria pale pale, nikarudi Malolo na gari tupu, mwendo wa kinyonga. Mjomba alikuwa barazani. Mke wangu alikuwa akimwekea maji ya kunawa, tumbo limemtangulia. Nilikiweka kile kipande cha ngozi miguuni pa mzee, na sikuthubutu kumtazama usoni.

"Hiyo niliifunga mwenyewe," alisema. Hakushtuka hata kidogo. "Imeshika tangu masika. Ningekuambia, ungeogopa kuendesha."

Tangu masika. Nilipiga hesabu ya watu wote niliowapakia tangu masika, wazee, wanawake na watoto mgongoni, nikishuka nao milima ile huku nikitukana mlango na mbao. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia lile.

Mke wangu akaweka birika chini.

"Kama imeshika, mjomba," alisema, "siku ya kunipeleka Nachingwea utapanda nyuma, juu ya springi hiyo. Na kitinda mimba wako umpakate."

Mjomba alinyoosha mikono aoshwe. Hakuna aliyemmwagia maji. Alikaa hivyo, mikono hewani, mpaka akairudisha mapajani.

"Mkwe, ifungue hiyo springi," alisema.

Niliifungua jioni ile ile. Asubuhi nilipanda nayo lori la magunia mpaka Nachingwea, nikatafuta kwenye magari yaliyokufa ya kambi ya karanga hadi nikapata inayolingana nayo. Kuifunga kulinichubua ngozi ya vidole vyote, kwa sababu kila nati niliikaza kama ninamkaba mjomba. Nikabadilisha bushi pia, zile raba za mwisho wa springi ambazo mafuta yalikuwa yamezivimbisha zikawa kama maandazi. Gari likanyamaza. Nilimpeleka mke wangu kukiwa bado mapema, na njia nzima tuliusikia upepo tu na pumzi zake.

Tulipata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Tuliporudi Malolo mjomba alikuja kumwona, akakalia kiti changu. Mpwa wake kazaa, mtoto ni wa kwao, na jina ni lake kulitoa. Nilipiga magoti nikampa mtoto kwa mikono miwili, inavyompasa mkwe, na sikumsamehe.