Helmeti Mapajani pa Arlys

Orrin Halvorsen alikwenda Chuo cha Tamarack kufundisha mpira wa Kimarekani kwa mwaka mmoja tu. Akakaa thelathini na moja. Chuo chenyewe kidogo, mahindi pande zote, na kocha huko si bwana mkubwa. Orrin alichora mistari ya uwanja kwa mkono wake, akafua jezi, na asubuhi akafundisha hesabu. Vyuo vikubwa vilimwita mara mbili, akakataa. Mkewe, Arlys, alisema huo ni ukaidi, ila alisema huku akicheka.

Kombe la ligi hakuwahi kulishika. Wa pili mara sita! Mjini walimtania hadi mgahawani.

"Kocha, kabati lako la makombe unawekea nini, soksi?"

"Zako, ulizokimbia ukaziacha uwanjani."

Alicheka nao, lakini tuseme ukweli, iliuma.

Mwaka wake wa mwisho, mchezo wa mwisho, Tamarack walikuwa mbele kwa alama tatu, zimebaki dakika nane. Wakishinda, kombe ni lao. Ndipo mrusha mpira wao, Brody Vanek, mtoto wa mfugaji wa nguruwe, alipoangushwa, kichwa kikagonga chini. Aliinuka haraka, akaenda kujipanga upande wa wapinzani, kana kwamba ndio timu yake. Jukwaa zima likaangua kicheko. Orrin hakucheka. Akamtoa.

Sasa, mchezaji wa mpira huu akiumia kichwa haaminiki. Ataapa kuwa mzima, na ukigeuka tu, kesharudi uwanjani. Kwa hiyo hunyang'anywa helmeti, maana bila helmeti hachezi mtu. Orrin aliichukua, akapanda jukwaani mwenyewe, akampa mkewe.

"Ishike. Usimpe mtu."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi."

Dakika mbili kabla ya mwisho wapinzani wakaongeza alama saba, wakapita mbele. Brody alimng'ang'ania Orrin mkono. "Kocha, niko fiti! Nirudishe!" Baba yake, Leland, akapiga kelele kutoka kwenye uzio: "Orrin, acha uoga! Siku hii umeingoja maisha yako yote!"

Ni kweli, alikuwa ameingoja. Miguu ikampeleka hadi chini ya jukwaa. Arlys alikuwa ameikumbatia helmeti mapajani kwa mikono miwili.

"Arlys..."

"Rudi kwa watoto wako, Orrin."

Akarudi, uso umemwiva kwa aibu. Mrusha mpira wa akiba alirusha, mpinzani akaudaka, mchezo ukaisha, na kombe likaenda zake.

Brody, aliyekuwa amesimama pale pale macho wazi muda wote, akamgeukia. "Kocha, tumeshinda?"

"Tumefungwa, mwanangu."

Baada ya dakika tatu: "Kocha, tumeshinda?"

Leland alikuwa amekuja kugombana. Aliposikia hivyo akaenda kuleta gari.

Walimpeleka hospitali, Leland akiendesha, Orrin nyuma na kijana, kamshika mkono. Njiani Brody akauliza tena, akajibiwa vilevile kwa upole, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Taa za hospitali zilipoanza kuonekana, akauliza mara ya nne.

"Kocha, tumeshinda?"

Orrin alimtazama. Alikuwa mzima, anapumua, anaongea.

"Tumeshinda."

"Kwa ngapi?"

"Kwa mbali sana, mwanangu," alisema Orrin, na hakuuachia mkono wake.