Kisima Kilichoachwa Wazi

Enzi za Waingereza, kwetu Kinyangiri, mtu wa mwisho kunywesha ng'ombe alipaswa kufunika kisima cha ukoo kwa matawi ya miiba. Jioni moja wa mwisho nilikuwa mimi, na sikufunika, kwa haraka ya kwenda ngomani. Alfajiri, kukiwa bado giza, mama mmoja mjane wa kijiji jirani alikuja kuchota maji, akatumbukia na kuvunjika mguu. Haukunyooka tena, nami najuta mpaka leo.

Barazani kwa mtemi, baba yangu mkubwa alisema, "Kisima ni chetu. Nani alimpa ruhusa? Huyu hana cha kutudai." Wazee wakaitikia.

Nikasimama. "Shimo halimuulizi mtu ukoo wake. Nilijua watu hupita pale gizani. Kosa ni langu."

"Kaa chini!" baba mkubwa akafoka. "Shule imekuharibu kichwa?"

"Sikai, baba."

Mtemi akaamuru nimlimie mama yule mpaka apone. Baba mkubwa akawakataza ndugu zangu kunisaidia. Nililima shamba lake la uwele peke yangu, na kila baba mkubwa alipopita njiani nilimwamkia shikamoo kwa sauti kubwa.