Kisomo Ndani ya Eda

Kikwajuni wanajua, Bi Thuwaiba akimsomesha mtoto Kiingereza, hatoki mtupu. Mifano yake aliitoa nyumbani. Mumewe, Mudrik, alikuwa fundi wa kanzu, basi ubaoni huandikwa: "My husband, Mudrik, sews kanzus." Mume wangu, Mudrik, hushona kanzu.

"Jina hili ni nyongeza," huwaambia wanafunzi, "ndiyo maana nikalitia mkato mbele na mkato nyuma. Mume nnaye mmoja. Hata nisipomtaja, mshamjua."

Mudrik akafariki mwezi wa Mfungo Mosi, homa tu, akaenda zake. Bi Thuwaiba akakaa eda: hatii wanja, hatii udi, hatoki. Wavulana wa tuisheni wakaambiwa watafute pengine, maana mke wa eda haonani na wanaume wa nje. Wasichana wakabaki, mtihani wa kidato cha nne ushakaribia. Na kusema kweli yeye ndiye aliyewahitaji zaidi. Mtoto hakujaaliwa, na cherehani iliponyamaza, nyumba ile ilikuwa kama kisima.

Alasiri moja wakafika tena kwenye mikato, na sentensi ile ile ya Mudrik ikaandikwa ubaoni. Khairat, mwepesi wa ulimi, akauliza:

"Ticha, baba ana wake wawili. Nikiandika mke wa baba, nikamtaja jina, nitie mikato?"

"Usitie! Ukitia, umesema anaye mmoja tu."

"Basi ntatia nikimtaja mama. Mke mwenziwe akisoma, ntahama nyumba!"

Wasichana wakaangua kicheko, na Bi Thuwaiba, maskini, naye akacheka. Tangu maziko alikuwa hajacheka.

Ndipo akaingia Bi Duni, dada wa marehemu, katoka Mpendae na bakuli la vitumbua.

"Wifi! Ndugu yangu hata arubaini hajatimiza, nyumba inacheka? Funga hicho kisomo. Eda ni eda."

Wasichana wakaanza kukusanya madaftari. Bi Thuwaiba akasema polepole, "Wifi, hawa wakiondoka, mie nnabaki na cherehani."

Bi Duni akaweka bakuli chini. Jicho lake lilishaliona jina la nduguye ubaoni.

"Hapo pamesemwa nini?"

Khairat akamweleza, bila ya kufikiri. "Maneno yaliyo baina ya mikato, shangazi, ukiyatoa, sentensi inasimama vile vile."

"Ukimtoa Mudrik, inasimama?"

Khairat akainama.

"Inasimama, wifi," akasema Bi Thuwaiba. "Miaka yote nnasomesha hivyo, sikujua nnasema nini."

Bi Duni akajiachia mkekani, akalia kilio alichokikosa siku ya msiba, maana siku ile masufuria yote yalikuwa juu yake. Bi Thuwaiba akamkumbatia, wakalia wote. Mwisho Bi Duni akajipangusa kwa ncha ya kanga, akawageukia wasichana.

"Kaeni. Mtihani haungoji eda."

Ubao ulikuwa mdogo, na somo bado refu. Bi Thuwaiba akashika kitambaa cha kufutia, akasita penye jina. Bi Duni akageuza uso ukutani.

"Futa, wifi. Mie sitazami."