Afande Shomari Alivyoifungua Bunduki Yangu

Usiku ule nililala na viatu miguuni, ili asubuhi nisipoteze muda wa kufunga kamba. Mimi na Kaka Sefu ni askari wa wanyamapori, na alfajiri tulitakiwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mtego wa waya. Alikuwa amejificha kwenye matete, karibu na kisima wanakochota maji kina mama wa kijiji. Alishamvunja mtu mmoja mbavu. Sefu angetangulia kwa sababu yeye ndiye anayejua kusoma nyayo, mimi ningekuwa nyuma yake na bunduki, kumlinda.

Kabla ya kulala nilisaini daftari la silaha: imesafishwa. Ilikuwa wiki ya nne nasaini hivyo. Nilichokuwa nafanya ni kupitisha kitambaa kwenye mtutu na kupangusa vumbi la nje, basi. Ndani sikugusa, hata baada ya siku ya shabaha, hata baada ya kunyeshewa doria nzima. Kila mtu anasema bunduki hizi za pistoni hazina shida, unaweza kuizika kwenye tope, ukaifukua, ikapiga. Nikaona ya nini kujichosha.

Sijui nilikuwa nimelala muda gani.

Niko chuoni, kwenye lile banda la mabati tulikofundishiwa silaha. Madawati yote matupu. Jua linawaka. Afande Shomari, mkufunzi wetu, amekaa kwenye benchi la mbele, amevaa nguo nyeupe isiyo na mshono hata mmoja. Najua amekufa. Tulimzika masika iliyopita, nilikuwepo. Lakini sikushtuka, niliona aibu tu, kana kwamba nimechelewa kipindi.

"Binti Dakika Mbili," akasema. Ndilo jina alilonipa, maana nilikuwa namaliza kusafisha wakati wenzangu ndio kwanza wanavua kifuniko. "Leta."

Nikampa bunduki. Nataka kumwambia nimeshaisafisha, mdomo haufunguki. Anavua kifuniko cha juu, anatoa springi, anavuta. Pistoni, ile fimbo ya chuma inayosukumwa na moshi wa kila risasi, inatoka taratibu. Inatoka tu, haiishi. Inakuwa ndefu kama mchi, kisha kama mlingoti, nyeusi tii. Anaifuta kwa ile nguo yake na masizi yanaenea kwenye weupe.

"Nimezikwa na nguo hii moja," anasema, bila hasira. "Ona unavyonichafulia."

"Nisamehe, Afande. Nitafua."

"Kwa dakika ngapi?"

Nikacheka. Cheko likageuka kilio, na banda halipo tena. Tuko kwenye matete, maji yamefika magotini. Sefu yuko mbele yangu. Mkewe amejifungua mapacha juzijuzi, na sasa Sefu amewabeba wote wawili mgongoni kwa khanga, na wote wawili wamegeuza vichwa wananiangalia mimi. Matete yanatikisika. Kitu kikubwa kinapumua humo ndani. Navuta triga. Kimya. Navuta tena. Kimya. Watoto hawalii, wananitazama tu.

"Afande, hii bunduki haigomagi," nikasema.

Yuko pembeni yangu, maji hayamgusi. "Inavumilia," anasema. "Inavumilia sana. Wewe ukaona kuvumilia ndio uzima."

Nikageuka, tuko wodini. Wodi hiyo sikuwahi kuiona, kwa sababu sikwenda. Alipolazwa nilisema nitaenda Jumamosi, nina haraka ya mtihani, na Jumamosi yenyewe haikumkuta. Muhula mzima alikuwa anatufundisha huku mkono mmoja ameushikilia ubavuni, na sisi tulidhani ni madaha ya askari mzee. Hakuna aliyemuuliza.

Nilitaka kumwomba radhi. Akanyoosha kiganja kunizuia, halafu akanifunika shuka miguuni, maana sasa ni mimi niliyelala kitandani.

"Ukipiga, ifungue siku hiyohiyo. Ikilowa, siku hiyohiyo. Isipopiga wala kulowa, kila wiki ifungue uione ndani. Usisubiri ikulalamikie."

"Na mafuta, Afande?"

"Kidogo. Pistoni ifute mpaka ikauke, mafuta mengi yanakamata vumbi." Akanitazama kwa muda. "Ungekuwa unauliza hivi ukiwa macho."

Nikaamka miguu imekufa ganzi ndani ya viatu. Nje palikuwa panapambazuka, na Kaka Sefu alikuwa ameshachemsha chai. Nilifikiri ningoje tumalize kazi kwanza, tukirudi ndio niseme. Halafu nikamwona anajifunga mkanda huku akipiga mluzi, nikashindwa.

"Kaka, mimi leo sifai kukaa nyuma yako. Bunduki yangu sijaifungua wiki nne. Nimekuwa nasaini tu."

Mluzi ukakatika.

"Ulitaka kuniambia tukiwa wapi? Kwenye matete?"

"Ndio nakwambia sasa."

"Nani kakuuma sikio?"

"Afande Shomari. Kanijia usiku."

Sefu alisoma chuo kilekile, miaka mingi kabla yangu, kwa mwalimu yuleyule. Hakucheka. Alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, akamwomba azuie kina mama wasiende kisimani mpaka tutakapompa taarifa. Kisha akanirushia turubai.

"Haya, tandika. Na leo si dakika mbili."

Nikafungua. Pistoni ilitoka ikikwaruza, masizi yameganda kichwani mwake, na chini ya masizi kutu imeanza. Niliikwangua, nikaifuta, nikaikwangua tena, mpaka vidole vikawa vyeusi kuliko yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuangalia saa.

Nilipoinua kichwa, Sefu alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa turubai. Ameilaza bunduki yake kando ya yangu, na hanitazami usoni.

"Sogeza hicho kitambaa," akasema. "Ya kwangu ni tangu kiangazi."