Rede Pale Mutuka

Mwaka ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha, kila mtu Babati alitaka kikombe. Mkoa mpya lazima ushinde kitu, hata kama ni mpira wa pete wa shule za msingi. Mkuu wetu wa shule aliwapanga wasichana kwa urefu, akachagua kumi, waliobaki akawapa kazi ya kushangilia. Mimi, mwalimu wa michezo, nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtoto wa miaka kumi anashangilia nini wakati hata kudaka hajui?

Nikakataa. Kila jioni niliwatoa wote, warefu kwa wafupi, tukacheza rede: wawili wanarusha mpira wa soksi kumlenga wa katikati, naye anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Humo mtoto anajifunza kukimbia, kugeuka, kuinama na kutupa bila mtu kumhubiria.

"Mwalimu, mkoa utashinda kwa chupa za mchanga?" mkuu akanicheka.

"Utashinda kwa miguu inayojua kazi yake," nikamjibu, nikaendelea.

Kati ya wale wa kushangilia alikuwemo msichana mmoja mnene kidogo, aliyekuja kwa miguu kutoka Mutuka. Mpira ukimjia, alifumba macho. Mwezi wa kwanza hakufikisha hata nusu chupa. Wa pili akaanza kuchungulia. Wa tatu aliijaza mpaka shingoni, akacheka hadi machozi yakamtoka, nami nikavimba kichwa.

Kuvimba kichwa ndiko kulikoniponza. Siku ya mechi na shule moja ya Sigino nilimwingiza, mapema mno, ili tu mkuu aone. Mpira wa kweli, mgumu, ukamjia usoni, akafumba macho. Tukafungwa. Nikamfokea mbele ya uwanja mzima: "Fumbua macho, wewe! Nimekufundisha nini siku zote hizi?" Kesho yake hakuja mazoezini, wala keshokutwa.

Wiki ilipoisha nilikwenda kwao. Nilimkuta akipukuchua mahindi na mama yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema bila kuniangalia.

"Marahaba. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Mama yake alibaki na gunzi mkononi, akiniangalia kana kwamba naumwa. Mwalimu kumwomba mtoto msamaha! Niliona aibu, lakini niliona afadhali aibu kuliko yule mtoto kuogopa mpira maisha yake yote kwa sababu yangu.

"Nitakuja," akasema, "lakini rede tu."

Akaja, mpaka alipomaliza la saba. Timu ya mkoa hakuingia, na kikombe chenyewe hatukukiona.

Mwaka jana, nimeshastaafu na magoti yananisumbua, nilipita Mutuka Jumamosi jioni. Kina mama walikuwa wakicheza rede, khanga zimefungwa kiunoni, binti zao wakisubiri zamu. Mmoja wa waliokuwa wakirusha, yule wangu wa nusu chupa, sasa mama mzima, alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, Mwalimu! Karibu, ingia kati."

Nikamwambia mimi bibi sasa. Hakunisikiliza, akanipa chupa tupu. Nikaingia. Mpira ukaja, nikafumba macho, ukanipiga begani. Wasichana wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Aliuokota, akasogea hatua mbili karibu.

"Taratibu, Mwalimu," akasema. "Tutakurushia polepole mpaka uzoee."