Binti Aliyemwomba Baba Ruhusa

Juzi nilikuwa steshenari pale Korogwe, nasubiri kopi ya kitambulisho. Mbele yangu binti wa wafugaji wa Handeni amekaa kwenye kompyuta, baba yake kasimama pembeni na fimbo. Binti anataka kuwa balozi. Vyuo viwili vimemkubali kusomea shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa, kimoja Dar, kingine Ulaya, na mwisho wa kuthibitisha ni siku hiyo hiyo.

"Nenda Dar," alisema mzee. "Ukienda Ulaya, ng'ombe wakiingia kwenye mahindi ya watu nani atatusemea?"

"Baba, mara ile walipoingia ulinituma mimi kuongea, ukawaacha kaka zangu. Kwa nini?"

"Kaka zako wanajibu kabla mwenye shamba hajamaliza kutukana."

"Basi matusi ya hapa nimeshayazoea. Niache nikazoee ya wageni."

Mzee akahamishia fimbo mkono wa pili, akacheka. "Haya, bonyeza."

Akabonyeza kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nyuma yao, na miwani ninayo. Skrini ilionyesha kwamba Ulaya alishathibitisha tangu jana. Nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Mzee alitaka kuulizwa, binti alitaka kwenda, na wote walitoka wameridhika. Wapo mabalozi waliostaafu bila kuliweza hilo.