Kisutu Mbele ya Kamera

Bi Shemsa wa Pongwe hakuwa mtu wa televisheni. Ya kwake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Ilifunuliwa kwa mawaidha ya Ramadhani na taarifa ya habari, kisha ikafunikwa tena kama chungu cha maziwa. Akiulizwa husema, "Macho nayo yataulizwa siku ya hesabu." Basi mwaka huu mwanawe wa pekee, Himyar, fundi wa mafriji pale Tanga mjini, akachaguliwa kuingia Jumba la Macho, na kitambaa kile hakikurudi tena mahali pake.

Jumba la Macho ni kipindi. Watu hufungiwa nyumba moja huko Dar es Salaam, hawana simu, hawatoki, kamera kila pembe, na walioko majumbani wanapiga kura nani abaki nani aondoke. Nusu yao ni mastaa, waigizaji na waimbaji ambao sura zao zimeshazoeleka. Nusu ni watu baki kama Himyar, waliookotwa kwa vichekesho vyao vya simuni.

Bi Shemsa alitazama na kofia yake ya kudarizi mapajani. Wakitokea wa kuogelea, anainamia sindano, na jirani yake Benedikta ndiye mlinzi wake. Benedikta ni Mkatoliki, wazazi wake walikuja zamani kukata mkonge, na hapitwi na kipindi chochote.

"Inua uso, Mama Himyar, wameshavaa."

"Wamevaa, au wamejifunga taulo?"

"Taulo."

"Basi bado."

Hata hivyo, kwa kutazama kila siku mtu hakosi kuona. Bi Shemsa akawa na yake ya kusema juu ya mastaa wale. Akasema si haki kumweka mtu aliyekwisha kuwa na umati wake ashindane na fundi wa friji, ni sawa na kumpa mmoja jembe na mwingine kijiko. Akasema wanajua kamera iliko kama ng'ombe anavyojua kisima. Wakilia hugeukia mwangaza, wakisali hutafuta pembe nzuri, na vyombo wanaviosha penye macho ya watu.

Isipokuwa mmoja. Binti mmoja muigizaji, Azza, mwenyeji wa Kigombe, jina lake limeshaburuzwa sana na magazeti ya udaku. Siku chakula kilipopungua jumbani, Azza alipakulia wenzake wote, yeye akala ukoko, kisha akalisugua sufuria mpaka likang'aa.

"Anaigiza yule," alisema Benedikta. "Si ndiyo kazi yake?"

"Shoga, mtu huigiza kilio, huigiza mapenzi. Sijamwona bado wa kuigiza kusugua ukoko."

Kumbe na Himyar alikuwa ameona hayohayo. Wakazoeana kwa heshima. Walikaa mbalimbali, kila mmoja na kikombe chake, wakizungumza habari za kwao. Siku moja kijana akasema mbele ya kamera zote, "Nikitoka humu, mama yangu ataniposea Azza." Nchi ikashangilia. Bi Shemsa aliufunika uso kwa ushungi akalia kwa furaha. Na yeye aliyekuwa akisema kura zile ni kutupa salio jalalani akampa Benedikta simu yake. "Wapigie wote wawili, shoga. Usimpunje mmoja."

Kabla kipindi hakijamalizika akapiga simu kijana mmoja wa watayarishaji, Edgar.

"Shikamoo mama. Siku ya fainali tunawataka wazazi wote ukumbini. Wewe ndiye utakayeposa, mubashara. Njoo na mila zenu mama, njoo na kisutu, njoo na udi. Na wakishaposana, usiku uleule wanaondoka kwenda visiwani kupumzika, zawadi yetu."

"Waondoke wawili, na hawajaoana?"

"Vyumba viwili mama, usiwe na shaka."

Bi Shemsa shaka alikuwa nayo, lakini akakata simu. Akaenda mjini kununua kisutu, kanga ya maharusi, ile nyekundu na nyeusi yenye madoa meupe, pea moja. Akaifukiza udi, akaikunja.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja mama yake Azza kutoka Kigombe. Mjane, jina lake Ghadir, mwembamba, mcheshi, amebeba kikapu cha samaki wa kukaanga na halua. Walikumbatiana mlangoni kama ndugu waliopotezana.

"Mkwe wangu!"

"Mkwe wangu, karibu, hapa ni kwako."

Wakakaa mkekani. Wakawacheka watoto wao, jinsi Himyar anavyokoroma hadi kamera zinatikisika, jinsi Azza anavyomwambia kila mtu "hebu nawa mikono kwanza". Kisha Ghadir akasema, "Mtoto yule ni wa kuombewa, mkwe. Nilipomzaa hospitali kule Muheza nilishikwa na kifafa cha uzazi, sikujitambua. Kichanga kinalia njaa, mama yangu anazunguka nacho wodini kama kichaa. Pakawa na mama mmoja, kafiwa na kitoto chake cha kike asubuhi ileile. Maziwa yanamtoka, hana wa kumpa. Akampokea wangu. Nilipozinduka keshatoka. Mama alijua tu kuwa ni wa huku kwenu Pongwe. Huenda hata unamjua."

Bi Shemsa alikuwa akimimina kahawa. Aliliweka buli chini taratibu.

"Mama yako," alisema, "alikuwa na kovu la moto mkononi?"

"La kushoto. Lilimkunja vidole hivi. Ulimwona wapi?"

Machozi ya Bi Shemsa yalijibu.

Ghadir akapiga yowe la shukrani. Alimrukia, akambusu mikono, akambusu paji la uso. "Ni wewe! Ni wewe uliyempa mwanangu uhai!" Wakalia pamoja, mmoja akimlilia aliyepona, mwingine aliyezikwa. Kisha kilio kikawakatikia wote wawili kwa pamoja, maana wote walisoma chuo cha Kurani, na wote walijua. Mtoto akinyonya ziwa la mwanamke mara tano za kushiba, mwanamke yule ni mama yake, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake. Ndoa baina yao ni haramu, sawa na waliotoka tumbo moja. Ndiyo sababu tangu zamani mwanamke wa pwani akinyonyesha mtoto wa watu hutangaza, nyumba hadi nyumba, watoto wasije wakakua wakatamaniana.

Na Bi Shemsa wakati ule alitaka kutangaza. Alimwambia mumewe, na mumewe, Mungu amrehemu, alirudi Muheza kuulizia, akaambiwa wenyewe wameshaondoka. Kichanga kilikuwa hakijapewa jina. Himyar wakati ule alikuwa nyumbani, mtoto wa miaka miwili, na baada ya hapo mama yake hakuzaa tena.

Ghadir alijifuta uso kwa upindo wa leso. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Bi Shemsa. Ulimnyonyesha mara ngapi? Huenda mara tatu. Huenda nne. Nani alihesabu?"

"Kifua changu kilihesabu. Alikaa nami kutwa, kucha, na kutwa ya pili."

"Ni zamani mno. Mama yangu keshakufa. Mimi nilikuwa sijitambui, siwezi kushuhudia kitu. Limebaki kwako na Mungu wako."

"Mungu wangu ndiye Mungu wako, Ghadir."

"Mwanangu ametukanwa nchi nzima!" Ghadir alipiga mkeka kwa kofi. "Kila mwanaume anayemsogelea anataka picha naye, kisha anamtupa. Leo kapata mtu wa kumtaka kwa heshima. Uliyempa maziwa, leo umnyang'anye mume?"

Ghadir alijitanda mtandio akaondoka, halua imebaki mkekani haijaguswa.

Siku zile Bi Shemsa akisujudu hainuki upesi. Alimwona Himyar kwenye kioo akiwafundisha wenzake kutengeneza feni, akicheka, amenawiri kama hajapata kunawiri, na roho yake ikawa inamshawishi: nyamaza tu, ulikuwa mgonjwa, ulikuwa na msiba, nani aseme ulikumbuka sawasawa? Kisha anaukumbuka mdomo mdogo ule ulivyoshika ziwa ambalo mwenyewe keshazikwa, na anajua kwamba amekumbuka sawasawa.

Akampigia Edgar. "Mwanangu, nataka kuzungumza na watoto kabla ya siku hiyo. Faragha, sisi watatu."

"Haiwezekani mama. Sheria ya jumba, kila neno mbele ya kamera. Kwani kuna nini?"

"Lipo jambo la kuzuia posa."

Sauti ya Edgar ikageuka, tamu kama asali. "Mama, usimwambie mtu. Hata mwanao wa kuzaa usimwambie. Liweke mpaka fainali, ulitoe palepale. Tutakuwekea na muziki."

Bi Shemsa alibaki ameishika simu. Alikuwa akidhani jumba lile linakula ujana wa watu tu. Sasa akaona linataka na msiba wake, kaburi dogo la Muheza lipigiwe kinanda, watu watafune bisi.

"Usiende," Benedikta alimshauri, bila kujua ni jambo gani. "Ukikaa kwako watakufanya nini?"

Lakini asipokwenda, mjomba yeyote atakayesimamishwa atamposea Himyar, na usiku uleule visiwani. Akaenda.

Ukumbi ulikuwa baridi, taa zinachoma macho. Kijana akambandika kipaza sauti kidogo kifuani, juu ya buibui. Ghadir alikuwa amekaa kiti cha pili, anatazama sakafu, hakumwamkia. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wawili wale. Azza akaja moja kwa moja akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona karibu tangu alipokuwa kichanga. Nyusi ni zilezile.

"Mama Himyar," alisema mtangazaji, "tumesikia una neno zito. Nchi nzima inakusikiliza." Nyuma ya kamera Edgar alizungusha mkono, na muziki wa huzuni ukaanza kulia.

Bi Shemsa akasema bismillah. Akakibandua kile kipaza sauti kifuani, akamwekea Ghadir kiganjani. Ghadir alimtazama, mara ya kwanza siku ile, kisha akafumba ngumi juu yake, akaikaza.

Hapo ujuzi wa Azza ndio uliosaidia. Alikuwa amezoea kamera, akaelewa kabla ya mtu mwingine. Akang'oa chake, akang'oa na cha Himyar, akavitupa juu ya kiti. Bi Shemsa akakikunjua kisutu, akakirusha, kikawafunika vichwa vyote vitatu.

Mle ndani palinukia udi, mwanga mwekundu. Hakuwa na wasaa wa maneno mengi.

"Azza, umenyonya ziwa langu pale Muheza, ukashiba, zaidi ya mara tano. Mama yako analijua. Himyar, huyu ni dada yako. Nimekuja kuwaambia wenyewe, watu wasiambiwe. Nisameheni."

Nchi nzima iliona kitambaa kinatikisika, basi. Kisha Himyar akatoka chini yake, uso umempauka, akapita katikati ya kamera hadi mlango wa nje. Azza alibaki ameweka kichwa mapajani kwa Bi Shemsa, kisutu kimemfunika, na mtangazaji akaita matangazo.

Wallahi, watu walisema. Walisema mama mkwe amemkataa binti kwa kuwa ni msanii. Walisema ubaguzi wa rangi na koo. Walisema amewarushia dawa kwa ile kanga. Bi Shemsa aliyekuwa akisoma nyoyo za watu kwenye kioo, akiamua nani wa kweli nani wa uongo, sasa akawa yeye anayesomwa, na hakuna aliyempatia. Azza aliitwa mkosi, na hakufungua kinywa hata mara moja kujitetea.

Benedikta alikuja na kigoda chake akakaa karibu sana.

"Hata mimi hutaniambia?"

"Hata wewe."

"Mimi niliyekupigia kura mpaka kidole kikafa ganzi!"

"Kura Mungu atakulipa, shoga."

Benedikta akanuna. Akakaa siku mbili hakuja, ya tatu akaja na machungwa ya Muheza, akayamenya kimyakimya.

Himyar alirudi Pongwe. Hakumtukana mama yake, hakumsemesha pia. Salamu anatoa, sahani anaipeleka chumbani kwake, na huko akakaa na mafriji yake yaliyofunguliwa matumbo. Bi Shemsa alimsikia akitembea chumbani, akamwombea kwa jina, akaendelea na kofia yake. Mishono ilimpinda akawa anafumua na kurudia.

Ijumaa moja, baada ya sala, kijana alikuja akasimama mlangoni kwa mama yake. Alikuwa ameinyoosha simu mbele kama mtu ashikaye kitu cha moto, na hakumtazama.

"Anataka kuzungumza na wewe."

"Nani, mwanangu?"

Neno lilimtoka kama dawa chungu inavyoteremka, kwa kulazimishwa.

"Dada," alisema. "Dada Azza."

Bi Shemsa aliichoma sindano kwenye kofia akapokea simu. "Shikamoo mama," ilisema upande wa pili, sauti imekauka, si ile ya kwenye kioo. "Nilitaka kuuliza. Yule mwenzangu uliyemzika, mwenye maziwa yale. Mlimwita nani?"

Hakuna aliyepata kumuuliza. Kabla ya kujibu akanyanyua macho. Himyar alikuwa hajaondoka. Amewapa mgongo, bega limeegemea mwimo wa mlango, anangoja na yeye kulisikia jina hilo.